Sehemu ya 9: Jina la mwanao, lisome kabla hujaondoka dirishani

Leo siongelei homa wala uji wa lishe. Naongelea jina la mtoto wako, maana limenitia aibu.

Mwezi uliopita nilimkaripia mama mmoja mbele za watu. Orodha yetu ya kwenye kompyuta ilionyesha kuwa mwanawe hajapata chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18. Mama hakubishana. Akatoa kadi. Chanjo ipo, tarehe ipo, na mwandiko ni wangu mwenyewe! Kumbe kwenye orodha mtoto yuko mara mbili: Rehema (jina nimelibadilisha) na Lehema. Chanjo tuliijaza kwa Lehema, Rehema akabaki mtoro. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya walewale walionisikia.

Usiku sikulala vizuri. Huyu alikuwa na kadi. Je, ingekuwa kinyume chake? Mtoto hajachanjwa, ila chanjo ya mwenzake imejazwa kwenye jina lake? Huyo hatumtafuti, orodha inasema yuko sawa. Na surua haisomi orodha.

Nikamwendea kijana wetu wa takwimu. Akanieleza kuwa orodha iko kwenye Excel, na Excel haipigi mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa kama Word. Mpaka ubonyeze F7 ndipo inakagua. Basi akaandika makro, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: pita kisanduku kimoja kimoja, chukua kila neno, uliza kamusi, usilolijua paka njano. Usirekebishe kitu, paka tu.

Jamani, ukurasa mzima ukawa njano kama shamba la alizeti! Kamusi yenyewe ya Kiingereza. Rehema haimjui, Lehema haimjui. Halafu mtoto anayeitwa Roza, ambaye sisi tulimwandika Rose, akapita bila doa.

Tukabadilisha. Majina ya chanjo na vijiji tukayaongeza kwenye kamusi, makro ikaachiwa kukagua hayo tu. Kwa watoto, sasa inatafuta namba ya simu ya mama na tarehe ya kuzaliwa zilizojirudia pamoja. Hapo ndipo akina Lehema walipoanza kuonekana. Mapacha nao wakapakwa njano, tukacheka. Ndiyo maana hatuiruhusu ifute mtu. Inatuonyesha tu, sisi tunapiga simu na kuomba kadi.

Sasa nakuomba hivi. Kompyuta inajua neno ambalo halimo kwenye kamusi yake. Jina la mwanao inalijua kwa vile tulivyoliandika sisi, basi. Ukifika kliniki, usitaje jina kwa haraka, toa kadi, mwambie nesi, "Naomba nisomee ulichoandika." Sikiliza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya simu. Umebadilisha laini? Sema. Kama kuna kosa hata la herufi moja, sema, usione haya. Nesi akinuna, mwache anune, ila arekebishe.

Na kadi usiitupe hata mtoto akimaliza chanjo. Yule mama aliokolewa na kadi.

Hebu leo usiku itoe kadi ya mwanao uisome. Jina liko sawa? Niandikieni hapo chini.