Pumzi Haingoji Risiti

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Shida yake huonekana kwa macho, na mwenye macho hangoji kuombwa. Hata hivyo, usiku mmoja wa baridi ya Julai, katika eneo la Kesses, mgonjwa mmoja aliulizwa mengi kabla ya kupewa chochote. Aliulizwa jina, nambari ya kitambulisho, kadi ya bima na, zaidi ya yote, shilingi 10,000 za malipo ya awali.

Mgonjwa huyo alikuwa mama muuza mboga, mjane wa makamo, ambaye kibanda chake kilijulikana na wanafunzi wengi waliopanga vyumba nje ya Chuo Kikuu cha Moi. Aliwakopesha sukuma wiki mwishoni mwa muhula na hakuwa na daftari la madeni. Aliyaweka yote kichwani. Pumu ilikuwa imemwandama kwa miaka mingi. Usiku huo ilimkaba kwa namna ambayo haikuwa imewahi kumkaba. Kifua kilifoka kama mvukuto wa mhunzi, midomo ikabadilika rangi, na maneno yakamtoka moja moja.

Aliyeitwa na mtoto wake wa mwisho alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, jirani wa chumba cha pili, msomi wa Kiswahili. Mwanafunzi huyo alimwamsha mwendeshaji wa bodaboda, wakampakata mama katikati, nao wakaondoka gizani. Mji wa Eldoret, ulio na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, u mbali na chuo kwa kilomita zaidi ya 30. Ilikuwa dhahiri kwamba mama hangeufikia mji huo juu ya pikipiki. Kwa hiyo walisimama kwenye kituo kimoja cha kibinafsi kando ya njia, ambacho taa zake zilikuwa zikiwaka.

"Pole sana, mama," karani wa mapokezi alisema. "Mna malipo ya awali?"

"Dada, tuna shilingi 1,400," mwanafunzi alijibu. "Tafadhali apewe hewa kwanza. Zilizobaki zitatafutwa kesho."

"Siwezi kufungua faili bila malipo. Wapelekeni Eldoret."

"Lakini hii ni dharura. Ni haki yake kikatiba!"

Karani alimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka, wala si ya mtu katili. "Dharura ni nini? Kila anayeingia hapa usiku husema ni dharura. Mwezi uliopita mgonjwa alitoroka bila kulipa, na fedha zile zikakatwa kwenye mshahara wangu. Nionyeshe ilipoandikwa."

Mwanafunzi alinyamaza. Alikuwa ameisikia haki hiyo redioni na katika mijadala ya chuoni, lakini ibara yenyewe hakuikumbuka, na maneno yake hakuwa ameyasoma hata siku moja. Mtu aliyezoea kuchambua tamathali za usemi kwa kurasa nzima alikosa sentensi moja ya kuokoa jirani yake.

Sentensi hiyo ipo. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaagiza kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013, uliongeza kwamba haki hiyo haitegemei uwezo wa mgonjwa wa kulipa. Aidha, swali la karani lilikuwa limekwisha kujibiwa na Sheria ya Afya ya mwaka 2017: dharura ni tiba ya papo hapo inayohitajika ili kuzuia kifo au kuzorota kwa hali ya mgonjwa. Sheria hiyo hiyo yaeleza kwamba tiba ya dharura hujumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale ambapo kituo hakina uwezo. Kwa hivyo kumwambia mgonjwa "nenda Eldoret" na kumfungia mlango si rufaa. Kituo chenye uwezo kinachokataa kutoa tiba hiyo chaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3.

Sheria hiyo haikuzaliwa katika ombwe. Mnamo Oktoba 2015, jijini Nairobi, mtu mmoja aliyejeruhiwa kichwani barabarani alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi huku akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akaaga dunia. Taifa zima lilishtuka. Ughaibuni nako swali hilo limefika mahakamani. Nchini India, mwaka 1996, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haiwezi kutumia uhaba wa fedha kama kisingizio, baada ya kibarua aliyeanguka kutoka kwenye gari la moshi kukataliwa na hospitali kadhaa za umma. Nchini Afrika Kusini, mwaka 1997, Mahakama ya Katiba ilichora mpaka wa upande wa pili katika kesi ya Soobramoney: kusafishwa damu kila mara kwa sababu ya figo zilizokufa hakukuhesabiwa kuwa dharura. Yamkini uamuzi huo ni mchungu, lakini wathibitisha kwamba neno dharura lina maana, nalo halipimwi kwa sauti ya anayelia.

Fauka ya hayo, sheria haikusema kwamba tiba hiyo ni ya bure. Ilichokigeuza ni utaratibu: tiba itangulie, hesabu ifuate. Swali la nani atakayelipa lingali zito, na ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 ilianzisha hazina ya kugharamia dharura na maradhi sugu. Pale ambapo fedha za namna hiyo hazifiki vituoni kwa wakati, mzigo huteremka ngazi kwa ngazi hadi ukamwangukia karani wa zamu ya usiku, naye humtwika mgonjwa.

Usiku ule, aliyeokoa jahazi alikuwa muuguzi. Alipousikia mkoromo wa kifua kutoka chumba cha ndani, alitoka, akamtazama mama midomoni, wala hakuuliza faili. Alimtia oksijeni na kumpa dawa ya mvuke ya kutanua njia za hewa. "Sista, nani atatia sahihi?" karani aliuliza. "Andika jina langu," muuguzi akajibu. Baada ya muda mama alianza kuzungumza. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza iwapo mtoto amefungiwa mlango.

Mama alilipa deni lake kwa awamu, shilingi 500 kila wiki. Mwanafunzi naye alirudi chuoni na fedheha yake. Aliitafuta ibara ile, akaiandika kwa Kiswahili chepesi pamoja na maana ya dharura, kwa herufi kubwa, katika karatasi moja. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo, lakini haki ambayo haikutamkwa kwa lugha ya mapokezini hubaki kabatini.

Aliipeleka karatasi ile kituoni mwenyewe, akitarajia ugomvi. Karani aliisoma mara mbili, polepole.

"Ningekuwa nayo usiku ule," alisema, "ningemwonyesha mkubwa wangu kabla hajanikata mshahara."

Kisha akainuka, akatafuta gundi, akaibandika karatasi ukutani, mbele ya dirisha la malipo.