Nusu ya Samaki

Vijana wanaojisomea kwangu jioni hapa Katubuka, wengi wao wakirudia mtihani wa kidato cha nne, huja wakiwa wameshaambiwa kuwa ili wajue Kiingereza waache kufikiri kwa Kiswahili. Ushauri huo siukubali. Mmoja wao, ambaye asubuhi hubeba dagaa mwaloni Kibirizi, alikuwa amefika mahali pa kutojibu kabisa maswali ya upatanisho wa kiima na kitenzi. Aliyaacha wazi, na alama zikapotea bure.

Nilimwandikia sentensi mbili: "Half of the fish is rotten" na "Half of the fish are rotten". Akasema moja lazima iwe kosa. Nikamuuliza: ukiambiwa samaki ameoza, na ukiambiwa samaki wameoza, hasara ni ile ile? Akacheka. Neno samaki halibadiliki. Kitenzi ndicho kinachotoa hesabu. "Fish" nayo ni hivyo hivyo. Ukiona "is", fikiria kuhe mmoja aliyeharibika nusu, au mzigo wa samaki unaotazamwa kama kitu kimoja. Ukiona "are", hesabu vichwa.

"Half of", "most of" na "some of" hazina umoja wala wingi wa kwao. Tazama jina linalofuata: "Most of the oil is", lakini "Most of the nets are". "One of" ni tofauti, maana kiima chake ni huyo mmoja: "One of the boats has sunk". Hiyo "boats" iliyo jirani na kitenzi isikuvute.

Wanaowachanganya watu zaidi ni mapacha wawili, "a number of" na "the number of". Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa. Jaribu kuweka neno kadhaa. Likikubali, kama katika "wanafunzi kadhaa wamechelewa", tumia wingi: "A number of students are late". Likikataa, ukalazimika kusema "idadi ya wanafunzi imeongezeka", tumia umoja: "The number of students has increased". Kilichoongezeka ni idadi.

Kiswahili hutuponza kwenye fedha na vipimo. Sisi husema shilingi elfu kumi zinatosha, basi mkono unaandika "are" wenyewe. Kiingereza hukitazama kiasi hicho kama fungu moja: "Ten thousand shillings is enough", "Twenty litres is too much". Fikiria dumu la mawese: ndani mna lita 20, lakini begani umebeba dumu moja.

Kuna na "more than one". Huandikwa "More than one boat has sunk", ingawa kila mtu pwani anajua kuwa mitumbwi iliyozama ni miwili au zaidi. Kitenzi kimefuata "boat" iliyo katika umoja, na maana imeachwa majini. Hiyo ikariri tu. Nimeitafutia dumu lake, sijalipata.