Maua Yasiyosokota

Kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, maua ya kwanza bustanini huchanua Februari, baridi ikiwa bado kali. Ni meupe, madogo, yameinamisha vichwa. Kwa kuwa hutokea karibu na tarehe 2 Februari, siku tunapobariki mishumaa kukumbuka Bwana kutolewa Hekaluni, Waingereza wa zamani waliyaita kengele za sikukuu hiyo.

Nikiwa masomoni huko, mama mmoja mjane alinikaribisha nyumbani kwake shamba. Aliketi dirishani mbele ya maua hayo akisokota sufu. Huichana kwanza ili nyuzi zilale upande mmoja, hukanyaga gurudumu, kisha huunganisha nyuzi mbili kwa kuzisokota kinyume, uzi usije ukajikunja. Ilikuwa sufu ya mwisho aliyoikata marehemu mumewe. Kila jioni kapu lilipungua.

Katika Mathayo 6 Yesu anatuonyesha maua yasiyosokota. Je, anayesokota amepungukiwa imani? Nilimwuliza.

“Mwanangu,” akajibu, “maua haya aliyapanda mume wangu. Siyafanyii kitu, na kila mwaka yanarudi. Sufu hii haitarudi. Ndiyo maana naisokota polepole.”

Ndugu msomaji, Bwana hakukemea mikono inayofanya kazi, bali moyo unaohangaika. Yapo tunayopewa bure, na yapo tunayoachiwa tuyamalize wenyewe.

Kapu lilipokwisha, mama yule alifuma sweta la mjukuu ambaye babu yake hakuwahi kumwona.