Tabora: Maua ya Msimu katika Vyombo vya Misafara

Ukishuka garimoshi katika stesheni ya Tabora, kitu cha kwanza kitakachokulaki ni kivuli. Miembe mikubwa imesimama kando ya barabara na nyuani mwa nyumba, na wakati wa jua kali la Septemba kila mwenye jambo la kungojea hulingojea chini yake. Lakini mwembe si mti wa asili ya Unyamwezi. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Uliingia pwani yetu kwa majahazi, kisha ukapanda bara kwa miguu ya wanadamu. Wenyeji husimulia kwamba mingi ya miembe iliyo kando ya njia ya zamani iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi na watumwa waliokula maembe safarini. Mingine ilipandwa makusudi, ili msafara utakaofuata ukute mahali pa kupumzika.

Mji wa namna hii una la kutufundisha sisi wafanyakazi tunaoishi katika vyumba viwili au vitatu vya kupanga. Wengi wetu tumeamini kwamba kupamba nyumba ni kazi ya wenye fedha. Twaenda dukani, twanunua maua ya plastiki, twayatia katika chombo cha plastiki, nayo hukaa juu ya kabati mwaka mzima yakikusanya vumbi. Tabora yatuonyesha njia nyingine: ua la msimu huu, katika chombo cha zamani. La kwanza halidai fedha nyingi. La pili mara nyingi limo tayari ndani ya ukoo, chini ya uvungu wa kitanda cha bibi, likingoja mnunuzi wa chuma chakavu.

NJIA ILIYOLETA VYOMBO

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa kilometa 1,200 hivi. Ilipita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, ambako leo kuna Tabora, ndipo ikashuka kwenye Ziwa Tanganyika. Wanyamwezi waliizoea njia hiyo kabla wafanyabiashara wa Kiarabu hawajajenga nyumba zao Unyanyembe katikati ya karne ya 19. Walikwenda pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo na ushanga. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kichwani au begani, kwa miezi kadhaa.

Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kaze, kama mji ulivyoitwa wakati ule, tarehe 7 Novemba. Burton aliandika kwamba wafanyabiashara wa hapo walikaa katika nyumba kubwa zisizo na ghorofa, zenye bustani pana, nao walipokea vitu vya anasa kutoka pwani. Hebu tufikiri maana yake. Dele la kahawa, sinia la shaba, mrashi wa marashi, bakuli la kaure: kila kimoja kilichofika Tabora kabla ya reli kilifika juu ya kichwa cha mtu. Reli ya Kati ilifika mjini hapa mwaka 1912. Kabla ya hapo hapakuwa na gari, wala punda hawakuweza kuitegemeza biashara yote ile. Palikuwa na shingo ya mpagazi.

Kwa hiyo unapokuta dele kuukuu lenye mdomo uliopinda, usilione kuwa takataka. Huenda lilikuja kwa reli, huenda lilikuja kwa miguu. Katika hali zote mbili ni shahidi, na shahidi hauzwi kwa kilo.

KILINDO, CHOMBO CHA UNYAMWEZI WENYEWE

Hata hivyo, si vyombo vyote vyema vilivyotoka mbali. Nchi ya Unyamwezi ni nchi ya msitu wa miombo, na mafundi wake waliujua msitu huo kama sisi tunavyoijua mitaa yetu. Walibandua gome la mti likiwa zima, wakalikunja liwe duara, wakalishona ubavuni, wakatia kitako na kifuniko. Hicho ndicho kilindo. Kilindo kilihifadhi nafaka, unga, nguo, hata asali. Mizinga ya nyuki pia ilitengenezwa kwa gome, na asali na nta ya Tabora ina sifa mpaka leo.

Gome hilo lina kisa kimoja kikubwa. Daktari Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, halafu peke yake hadi mwezi Agosti alipoondoka kuelekea kusini. Alifariki mwezi Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake, wakaufunga katika gome la mti na kuuzungushia kitambaa, wakaubeba. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, walikofika mwezi Februari 1874. Tembe la Kwihara limehifadhiwa kuwa nyumba ya makumbusho, na ni vema kila mzazi anayefika Tabora awapeleke watoto. Lakini awaambie pia kwamba chombo kilichombeba mgeni yule hadi Unyanyembe kilikuwa kazi ya mikono ya Waafrika, iliyotokana na maarifa ya msitu.

Tahadhari moja: mti uliobanduliwa gome lake lote hufa. Ndiyo sababu wafugaji wa nyuki wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao. Basi usiagize kilindo kipya kwa ajili ya pambo. Kitunze kile kilichopo.

MAUA NA MAJIRA YAKE

Tabora ina majira mawili makubwa. Mvua huanza kunyesha Novemba na kukoma Aprili au Mei mwanzoni. Miezi mingine ni kiangazi, kukiwa na baridi ya kipupwe Juni na Julai. Mpambaji mwenye busara hufuata kalenda hiyo, hashindani nayo.

Katika kiangazi, wengi hudhani hakuna cha kuchuma. Kumbe ndiyo miezi ambayo bogenvilia huchanua kwa nguvu, kwa maana ukame kidogo huipendeza. Tawi moja la zambarau ndani ya dele la shaba latosha kubadili sura ya sebule nzima. Kipindi hicho pia ni cha vitu vikavu: mashuke ya majani marefu, na maganda ya mninga, yaliyo mviringo kama sarafu kubwa yenye nywele ngumu katikati. Yaokote yaliyoanguka chini. Hayahitaji maji, nayo hudumu miezi mingi katika kilindo au katika mzinga wa zamani uliolazwa barazani.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo hutoa majani mapya yenye rangi ya shaba, ya damu ya mzee na ya waridi. Anayesafiri kwa garimoshi majira hayo huona msitu kana kwamba unawaka pasipo moshi. Mninga nao hutoa maua ya manjano yenye harufu nzuri. Vijiti vitatu vya majani hayo mekundu katika mtungi mweusi wa udongo ni pambo ambalo hakuna duka liwezalo kuliuza.

Mvua zikianza, mkrismasi huvaa nyekundu, na ndiyo asili ya jina lake. Porini huchomoza ua la mviringo kama mpira wenye sindano nyekundu, na baadaye lile ua lipandalo vichakani, lenye ncha zilizopinda juu kama ndimi za moto, ambalo wataalamu huliita Gloriosa superba. Ni zuri mno, lakini lina sumu, hasa kiazi chake. Nyumba yenye watoto watambaao iliache huko huko porini. Kuelekea mwisho wa mvua huja alizeti, lifaalo kusimama katika ndoo kuukuu ya bati penye mlango.

Nayo asumini haina makuu. Watu wa pwani wana desturi ya kuiweka katika sahani yenye maji kidogo, au kuitia katika kikuba pamoja na rehani. Harufu yake jioni hufanya kazi ambayo rangi haiwezi.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Chuma maua asubuhi na mapema au jioni, kamwe si saa saba mchana. Kata kikonyo kwa mshazari, uondoe majani yote yatakayozama majini, kwani ndiyo yaozayo na kunuka. Kwa kawaida, urefu wa maua uwe mara moja na nusu ya urefu wa chombo. Chombo chenye nakshi nyingi kipe maua ya aina moja. Chombo kisicho na nakshi chaweza kuvumilia mchanganyiko.

Dele au sinia la shaba lisafishwe kwa ndimu na jivu laini, kisha lioshwe na kukaushwa. Usilisugue kila wiki, maana nakshi zitafutika. Usitie maji ndani yake moja kwa moja. Weka bilauri au kopo dogo ndani, ili chombo kisiote kutu ya kijani. Na chombo kilichokwisha ota kutu hiyo kisirudi jikoni kupikia wala kutengea chakula.

Kibuyu na mtungi uliopata ufa huvuja. Hapa Tabora yatupa dawa yake yenyewe, nayo ni nta ya nyuki. Anika chombo juani mpaka kikauke barabara. Yeyusha nta katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke juu ya moto wenyewe, kwani hushika moto upesi. Imimine ndani ya chombo, kizungushe hadi kuta zote zipate, kisha mwaga iliyobaki. Nta ikiganda, ufa umefungwa.

Jambo la mwisho ni la afya. Maji ya maua yabadilishwe kila siku, au walau kila siku ya pili, na chombo kisuguliwe ndani. Maji yaliyokaa wiki nzima ni mazalio ya mbu, na hakuna uzuri unaolipa homa ya mtoto.

KISICHOFAA KUWA PAMBO

Yapo mambo ya njia hii ambayo hayafai kuwekwa sebuleni. Njia iliyoleta madele na ushanga ndiyo iliyowashusha watu pwani wakiwa wamefungwa shingoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Haya si mambo ya kale sana. Anayekuuzia mnyororo wa misafara ili uuning'inize ukutani anakuuzia maumivu ya wazee wa mtu. Mahali pake ni makumbusho, penye maelezo. Pembe za ndovu nazo ni hivyo hivyo. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na si halali kuziweka nyumbani pasipo kibali.

Kadhalika, usichimbe wala kuokota vitu katika magofu ya Kwihara au mahali pengine pa kihistoria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kitu kilichong'olewa mahali pake hupoteza nusu ya maneno yake. Tunachozungumzia hapa ni vyombo vya ukoo wako mwenyewe.

Ewe mzazi, fanya hivi Jumapili hii. Uliza nyumbani: kibuyu hiki kilikuwa cha nani? Dele hili lilinunuliwa wapi, kwa kazi gani, na nani alilibeba? Andika majibu katika kipande cha karatasi, ukibandike chini ya kitako cha chombo. Kisha watume watoto wakachume ua lolote la msimu, walitie. Watakapolibadilisha maji kesho watauliza habari ya chombo, nawe utakuwa na la kuwajibu. Mwenye jibu hilo akiondoka kabla hujamwuliza, kitabaki chuma, udongo na gome tu, na mnunuzi mwenye mizani atakuwa amesema kweli.

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Neno hilo lina uzito wa pekee linaposemwa Tabora.