Kabla ya kuuza cherehani, pima kiti chako

Hapa tumezoea kuongea mahindi, mpunga na mbolea. Leo tuongee cherehani. Kaya nyingi ninazotembelea hapa Mpanda, Nsimbo na kule Mpimbwe haziishi kwa shamba peke yake. Ikifika Desemba na Januari, mvua imeshika, chakula ghalani kimepungua na mazao mapya bado yako shambani. Ndiyo miezi hiyohiyo wazazi wanatafuta sare za shule. Kwenye nyumba yenye cherehani, hela ya palizi na ya madaftari hutoka hapo. Mgongo wa fundi ukigoma wakati huo, nyumba nzima inayumba.

Kuna mama mmoja fundi ambaye kikundi chao kilipata mkopo wa ile asilimia 10 ya halmashauri. Aliniambia anatafuta mteja wa cherehani yake. “Bwana shamba, nikishona nguo mbili tu kiuno kinawaka moto na bega linakufa ganzi. Umri umefika.” Ana miaka 38. Na mkopo ulikuwa haujaisha. Akiacha kushona, rejesho lake lingewaangukia wenzake.

Nilimwomba akae ashone nimwangalie. Kiti chake kilikuwa cha plastiki, kimelalia nyuma na ni kifupi, hivyo mabega yalikuwa yamepanda juu muda wote. Alikaa katikati ya meza huku sindano iko upande wake wa kushoto. Alikuwa anashona amejipinda kama mtu anayechungulia dirishani. Ukikaa hivyo saa nne mfululizo, hata kijana wa miaka 20 ataumwa.

Meza ya cherehani hutoka kiwandani na kipimo kimoja. Mrefu na mfupi wanapewa ileile. Kwa hiyo cha kubadilisha ni kiti chako na mahali unapokaa. Fuata mpangilio huu:

1. Sakafu. Kama ni ya udongo, sawazisha kwanza. Meza ikicheza, weka kipande cha ubao chini ya mguu ulioning'inia. Meza inayocheza inakufanya uishikilie kwa mikono bila kujua.

2. Kiti. Tumia stuli au kiti kigumu cha mbao, kisicholalia nyuma. Weka mikono mezani: viwiko viwe usawa wa meza au juu yake kidogo, mabega yatulie. Ukiwa chini, ongeza mto mgumu au blanketi lililokunjwa. Magoti yakigonga meza, umepanda mno, punguza.

3. Sindano. Sogeza kiti mpaka pua yako ielekee sindano. Usifuate katikati ya meza.

4. Kukanyaga. Weka miguu yote miwili kwenye pedeli, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Ukiona unakanyaga kwa nguvu, angalia mkanda. Ukikaza sana, gurudumu linakuwa zito. Ukilegea, unateleza na unakanyaga bure. Kisha tia mafuta ya cherehani, na usisahau sehemu za chini zinazozunguka. Mafuta ya kupikia usitie, yanaganda na kunasa vumbi.

5. Mwanga. Geuza meza ili mwanga wa dirisha au mlango utoke kushoto au mbele yako. Ukiukalia mgongoni, kivuli chako kinafunika sindano na shingo inainama kuitafuta, hasa ukishona kaptula na sketi za rangi ya giza.

6. Kukata. Usikate kitambaa umeinama sakafuni. Tafuta meza inayofika kiunoni, ukate umesimama. Noa mkasi.

7. Kupumzika. Kila nusu saa simama, jinyooshe, kunywa maji. Panga kazi hivyo: kata kwanza, shona, kisha inuka upige pasi, badala ya kukaa kutwa nzima.

Usibadilishe yote siku moja. Anza na kiti na sindano, shona siku mbili tatu, sikiliza mwili, ndipo uende kwenye mkanda na mwanga.

Yule mama tulimtafutia stuli ya jikoni na blanketi kuukuu, tukasogeza meza karibu na mlango. Hatukununua kitu. Hajapona kabisa, akikaa muda mrefu kiuno bado kinamkumbusha. Lakini ameacha kutafuta mteja, na rejesho lake analipeleka mwenyewe.

Kama baada ya kurekebisha haya maumivu yanashuka mpaka mguuni, au vidole vinakufa ganzi hata usiku ukiwa umelala, hiyo si kazi ya stuli. Nenda zahanati mapema.

Na wewe mwenye mke, mama au binti anayeshona: leo akikaa kwenye cherehani, simama pembeni umwangalie mabega. Yakiwa yamepanda, mtafutie kiti kabla oda za Januari hazijaanza kuingia.