Wimbo Mmoja kwa Miezi Mitano

Mjomba,

Simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu, nawe ulikuwa umeuliza swali la haki kabisa: mjukuu wako ana nini, mtoto mzima wa sekondari kupuliza wimbo mmoja wa klarineti tangu mwezi wa tisa mpaka leo? Ulisema kikundi cha matarumbeta cha usharika hapo Karatu kikipewa wimbo Jumatatu, Jumamosi kinaupiga harusini na watu wanacheza. Nimeona nikuandikie, maana jibu lake ni refu kuliko vocha.

Kwanza nikueleze hayo mashindano. Usifikirie UMISSETA, kwaya nzima jukwaani, vigelegele, na shule moja kuondoka na kombe. Hapa Texas, kila mwaka karibu na mwezi wa pili, bendi za sekondari huwatoa watoto mmoja mmoja. Mtoto anaingia darasani, darasa kweli lenye ubao, anamkuta jaji mmoja na karatasi yake. Anapiga dakika chache akisindikizwa na piano, anashukuru, anatoka. Jaji hamlinganishi na aliyemtangulia. Anampa alama kuanzia moja hadi tano, na moja ndiyo ya juu, kama matokeo yetu ya kidato cha nne. Watoto kumi wakipiga vizuri sana, wote kumi wanapata moja. Mimi mwaka wa kwanza nilikaa koridoni nikingoja watangaze mshindi, mpaka mlinzi akaanza kuzima taa.

Nyimbo nazo zimepangwa kwenye orodha rasmi, makundi matatu, la kwanza likiwa ndilo gumu. Anayetaka kufika ngazi ya jimbo lazima apige wa kundi la kwanza, apate alama ya juu, tena apige kwa kichwa, bila karatasi. Na jaji lazima akabidhiwe kitabu halisi cha nota. Fotokopi hazitakiwi. Wewe uliyetufundisha kwa nota za kunakili kwa mkono kwenye daftari la mistari wangekutoa nje asubuhi na mapema.

Sasa, kuchagua. Mwalimu wake alimwekea mezani vitabu vitatu: Mozart, Weber, Debussy. Akamwambia achukue wiki mbili, aonje vyote. Hapo ndipo mimi mama mtu nilipoingilia jambo nisilolijua. Nilifunua kurasa, nikatafuta ile yenye wino mwingi. Ya Debussy ilinivutia kwa sababu mwalimu alisema mtunzi aliiandika mahsusi kwa ajili ya mtihani wa chuo cha muziki cha Paris, mwaka 1910. Nikajiambia, kama ni mtihani, basi huo ndio mtihani wenyewe. Unajua sisi tuliotoka mbali tulivyo: tunataka mtoto abebe gunia zito ili waliokuwa wakitutazama waone.

Mozart nilimdharau waziwazi. Kurasa zake zina nafasi nyeupe nyingi mno. Aliandika *Concerto* yake ya klarineti mwaka 1791, miezi michache kabla ya kufa, na sehemu yake ya polepole ndiyo ile waliyoitia kwenye filamu ya *Out of Africa* ya 1985, Kenya ile ya mashamba ya kahawa. Watalii uliokuwa ukiwapandisha Ngorongoro wengi wao wameisikia hata kama hawajui jina lake. Binti akanipigia mistari minne tu ya hiyo inayoitwa rahisi. Mjomba, kila kosa lilisikika kama sahani iliyoanguka kanisani wakati wa sala. Nikarudi jikoni.

Ili unielewe, lazima nikuonyeshe ala yenyewe. Tarumbeta lako lina vibonye vitatu na kazi kubwa iko mdomoni. Klarineti ina ulimi mmoja wa tete unaotetema juu ya mdomo wake, halafu matundu na vibonye vya karibu vidole vyote. Filimbi ukiipuliza kwa nguvu, sauti inaruka oktava moja juu. Klarineti hairuki hivyo: kidole gumba kikigusa kibonye cha nyuma inapaa ngazi kumi na mbili, kwa hiyo vidole ulivyozoea chini vinatoa sauti nyingine kabisa juu. Na katikati pana daraja bovu. Kwenye sauti moja karibu vidole vyote viko hewani, kwenye inayofuata karibu vyote viwe vimeziba, kwa wakati mmoja, bila tundu moja kuchelewa. Likichelewa, ala inalia kama bawaba ya banda la ng'ombe. Tumelisikia hilo banda miaka mitatu nyumba hii.

Kisha kuna mti. Miaka ya mwanzo alipigia klarineti ya plastiki. Mwaka jana tukamnunulia ya mbao, mkononi mwa mtu. Nilipoishika nikashangaa uzito, nikainusa, nikaijua. Mpingo! Mpingo wa Kilwa na Lindi, ule wa vinyago vya Wamakonde, unaozama ukiutia majini. Klarineti nzuri za dunia kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa mti huo, nao huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Baridi ya hapa na hita ya nyumbani zinaweza kuupasua, kwa hiyo asubuhi binti huukumbatia ndani ya koti kabla hajapuliza, kama mtu anayepasha kifaranga.

Nikamsimulia habari za marehemu Sebastian Chuwa, Mchaga wa Kibosho, mtaalamu wa mimea aliyekuwa mhifadhi hapo Ngorongoro. Bila shaka enzi zako za Land Rover ulilisikia jina lake. Alionekana katika filamu moja kuhusu mpingo, na fundi mmoja wa kukereza mbao, James Harris, akaiona runingani akiwa huku huku Texas. Mwaka 1996 wakaanzisha pamoja mradi wa kupanda mipingo upande wa Kilimanjaro. Binti alisikiliza, akaipangusa ala yake kwa kitambaa, hakusema neno. Ila tangu siku hiyo haiachi juu ya kochi.

Wiki mbili zilipokwisha alichagua Weber. Ni ile *Concertino* ya mwaka 1811, iliyoandikwa kwa ajili ya mpigaji mmoja wa Munich, Heinrich Baermann. Inaanza polepole kwa huzuni, kisha wimbo mfupi mwepesi unaogeuzwageuzwa, halafu inashuka gizani, sauti za chini kabisa, na ghafla inatimua mbio mpaka mwisho. Nikamuuliza, nikificha masikitiko yangu, kwa nini si Debussy. Akajibu: "Debussy naiweza nikiwa nimelala vizuri. Siku ile sitakuwa nimelala."

Hapo nikakukumbuka. Ulikuwa ukisema wageni wanaishika milango ya gari wakati wa kuteremka Ngorongoro kwa njia ya Seneto, lakini wewe dereva tangu asubuhi unauwaza mlima wa kutokea, wa Lerai, saa kumi na moja jioni, injini imechoka, gari limejaa, na geti halikungoji. Weber ana Lerai yake, kurasa mbili za mwisho. Mwalimu kwa hiyo alimfundisha kinyumenyume. Mwezi wa tisa wote alipiga ukurasa wa mwisho peke yake, wa kumi akaongeza unaoutangulia, akarudi hivyo hivyo mpaka mwanzo. Anapochoka ndipo anaingia kwenye njia anayoijua zaidi. Ndiyo maana wewe kila ukipiga simu ulikuwa ukisikia mwisho wa wimbo, ukadhani ameshaumaliza!

Amebakiza wiki tatu. Jana usiku aliupiga wote kwa kichwa, nikaurekodi kwa simu. Nakutumia leo. Usiusikilizie sokoni, panda pale Rhotia kwa shangazi penye utulivu na mtandao mzuri. Pale gizani, kabla ya mbio, kuna mahali pumzi inamwishia naye anaificha. Mimi sipasikii vizuri, mwalimu anasema pako. Wewe uliyepuliza miaka thelathini utapasikia. Alama jaji atampa. Wewe mpigie yeye, si mimi, umwambie ni wapi hasa.

Wasalimie wote.

Mwanao