Jembe Langu Lipo Kaengesa

Nilikwenda Kaengesa kwa mara ya kwanza mwezi Februari, mvua zikiwa zimekolea. Baba alizaliwa huko, mimi nimekulia Mbeya. Tulipoipita Tunduma na kushika njia ya Sumbawanga, abiria walitoa masweta. Uwanda wa juu wa Ufipa ni majani, ng'ombe, vilima vya mbali, na makanisa.

Mapadre Weupe walifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Kutoka huko Ukatoliki ukaenea Ufipa nzima. Kardinali Polycarp Pengo alizaliwa huku, Mwazye, mwaka 1944. Kaengesa kwenyewe kuna seminari. Katika ukoo wetu, Mfipa asiyesali hajulikani aitweje, na mimi nilikuwa nimeacha kuamini. Hakuna padre aliyenikosea. Maswali yaliongezeka polepole, mpaka usiku mmoja nikapiga magoti nikaona nazungumza peke yangu.

Baba mkubwa ni katekista mstaafu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akauliza kama nahudhuria jumuiya, kile kikundi kidogo cha waumini majirani. Nikamweleza ukweli.

"Umeniumiza, mwanangu," akasema. Akakaa, kisha akaendelea: "Kesho jumuiya inamlimia mjane hapo jirani, mgongo unamsumbua. Jembe lako lipo."

Kilimo cha Wafipa kina akili nyingi. Unakata majani pamoja na udongo wake, unayapindua, unayarundika mviringo mpaka lipatikane tuta nene, ndiyo ntumba. Majani yanaoza ndani, maharage yanapandwa juu. Msimu unaofuata tuta linavunjwa, udongo ulioshiba mboji unatandazwa, panapandwa ulezi au mahindi. Haya yalifanyika kabla ya mmisionari yeyote kukanyaga huku.

Walisali kabla ya kuanza. Nilisimama nao, midomo imefungwa, na hakuna aliyenisema. Kisha tukalima hadi viganja vikachubuka.

Pale shambani nilielewa kilichonitesa tangu niache kanisa. Nilidhani namkosa Mungu, kumbe nilikosa watu wa kunidai. Mjini hakuna aliyeuliza mbona sikuonekana, wala aliyenitegemea hata kwa ndoo ya maji. Maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoamua miaka ya 1970 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, walibuni kitu kinachomfuata mtu mpaka mlangoni kwake. Hilo nitaliheshimu daima. Lakini sikubali kwamba asiye na dini hana sababu ya kutenda mema. Mama yule alihitaji matuta. Mimi sikuhitaji sababu nyingine.

Siku hizi nimo katika kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu Mbeya. Nachanga, nachimba kaburi, nawatekea maji wapishi. Sala ikianza navua kofia. Jumapili jioni baba mkubwa hunipigia simu, huniambia ameniombea, halafu huuliza ni nani anaumwa mtaani na tumemfanyia nini.